Kupanda Kwataka Pumzi, Kushuka Kwataka Breki



Likizo ya katikati ya mwaka ilipokaribia, vijana watatu wa parokia walinijia hospitalini, mlangoni pa chumba cha sindano. Hawakuwa wagonjwa. Walitaka dawa ya kuchua misuli, kwa kuwa walikuwa wamekubaliana kutoka Lushoto kwenda Mtae kwa baiskeli, nao walikuwa wameambiwa kwamba milima ya Usambara huumiza mapaja. Nikawauliza, "Breki zenu zikoje?" Wakatazamana, wakacheka. Mmoja akajibu, "Mama, hofu yetu ni kupanda. Kushuka, baiskeli yajishusha yenyewe."

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike somo la mwezi huu. Nimefanya kazi ya uuguzi kwa takriban miaka 30, na simkumbuki hata mmoja aliyeletwa kwetu amevunjika kwa sababu ya kupanda mlima. Anayepanda huchoka, hushuka, hukokota baiskeli yake, hukaa chini ya mti akanywa maji. Wale tunaowapokea kwa machela ni walioteremka.

Sina nia ya kuwakataza. Baiskeli ni dawa njema, tena ambayo familia nyingi tayari wanayo nyumbani imeegemezwa ukutani. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kila juma. Anayeendesha baiskeli nusu saa kwa siku, siku tano za juma, amekwisha kufikia kiasi hicho, na moyo wake, shinikizo lake la damu na sukari yake ya mwilini vyote hufaidika. Barabara ya changarawe yenye vilima hufanyisha kazi mikono na mgongo pia. Ila mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asipande mlima kwa tumbo tupu, na awe na glukosi au sukari mfukoni. Akitokwa jasho la baridi na kutetemeka, asimame na kuilamba mara moja. Naye anayesikia kifua kubana anapopanda ashuke chini, apumzike, na siku hiyo hiyo aende kwa daktari. Asingoje kuona kama kitabana tena.

Sasa tuzitazame njia zenyewe. Barabara ya kutoka Mombo kupanda Lushoto kupitia Soni ni ya lami, kiasi cha kilomita 33, nayo hupanda karibu mita 1,000. Ni nzuri kwa macho, lakini ni nyembamba, ina kona nyingi, na mabasi na malori huitumia mchana kutwa. Kwa maoni yangu familia isianzie hapo. Pandisheni baiskeli juu ya basi mpaka Lushoto mjini, ambako ni kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ndipo mwanze.

Kwa wenye watoto wakubwa kidogo, njia ya Irente yatosha kabisa. Ni mwendo wa kilomita 5 au 6 kutoka mjini, kupitia mashamba na vijiji, hadi ukingoni mwa mlima ambako mnaiona Mazinde chini kabisa na mbuga ya Wamaasai ikienda mpaka macho yachoke. Hapo baiskeli ziachwe mbali na ukingo, na watoto washikwe mikono. Kwa vijana wenye pumzi kuna njia ya Magamba, inayoingia katika msitu wa asili wenye miti mikubwa ya mkulo na mbega weusi kwa weupe wanaoruka juu ya vichwa vyenu. Msitu huo ni hifadhi na una taratibu zake za kuingia, ulizeni kabla. Ndani yake kuna kivuli na ubaridi, na barabara hubaki na umande mpaka saa nne asubuhi. Majani yaliyolowa juu ya udongo mwekundu huteleza kama sabuni.

Njia ndefu ni hiyo ya vijana wetu: Lushoto hadi Mtae, kiasi cha kilomita 60, kwa kupita Magamba na Lukozi penye soko la mboga. Mtae iko ukingoni mwa milima, na chini yake ni nyika ya Mkomazi. Watu wengine huimaliza njia hii kwa siku moja. Mimi naona afadhali siku mbili, kwa kuwa mtu aliyechoka ndiye anayekosea kona. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, isiendwe. Juni na Julai kuna vumbi kiasi lakini baridi ni kali, na ukungu hushuka ghafla.

Baridi hiyo yahusu breki pia, ingawa wengi hawaioni habari hiyo. Unapopanda unatoka jasho na shati linalowa. Ukifika juu ukaanza kushuka, upepo hulipiga shati hilo bichi, na kwa dakika chache vidole vinakufa ganzi. Vidole vyenye ganzi havibani breki ipasavyo. Kwa hiyo, sweta lisivaliwe wakati wa kupanda; libebwe, na livaliwe kileleni kabla ya kuanza kuteremka. Wazee wa zamani waliweka gazeti kifuani chini ya shati, na hata leo linafaa.

Katika Ulaya na Marekani kuendesha baiskeli kwenye barabara zisizo na lami, kupita vilima na misitu, kumekuwa mchezo mkubwa wenye mashindano yake na baiskeli zake maalumu: nyepesi, zenye tairi pana kuliko za lami, gia laini za kupandia, na breki za sahani. Kenya nayo ilianza mashindano ya namna hiyo huko Maasai Mara mwaka 2021. Mmoja wa waliojulikana sana katika mchezo huo ni Mkenya Sule Kangangi, nahodha wa timu iitwayo Amani. Mwezi Agosti 2022 alikuwa akishindana huko Vermont, jimbo la Marekani lenye vilima na misitu, ambako zaidi ya nusu ya barabara hazina lami. Alianguka katika mashindano hayo akafariki, akiwa na umri wa miaka 33. Huyo alikuwa bingwa. Sisi twaazima Phoenix ya mjomba yenye breki za fito, tunampakia mdogo wetu kwenye keria, na kuuachia mteremko.

Breki, basi. Jioni ya kuamkia safari, bana breki ya mbele kwa nguvu na usukume baiskeli kwa mbele. Gurudumu la mbele lisizunguke hata kidogo, na la nyuma linyanyuke. Kisha jaribu ya nyuma: gurudumu liburuzike, lisizunguke. Mkono wa breki ukigusa usukani kabla baiskeli haijashika, waya umelegea. Tazama mipira ya breki. Kama mifereo yake imekwisha, au chuma kimeanza kuonekana, usiseme "itanifikisha". Bei yake ni ndogo, na fundi huiweka kwa dakika chache. Angalia waya pale unapoingia kwenye mkono wa breki, kwani hapo ndipo nyuzi zake huanza kukatika moja moja. Kama baiskeli yako ni ile ya kufunga breki kwa kukanyaga pedali kinyumenyume, chunguza cheni. Cheni ikichomoka katikati ya mteremko, breki nayo imekwenda.

Ukiwa barabarani, kumbuka kwamba breki ya mbele ndiyo yenye nguvu, kwa sababu mwendo unapopungua uzito wote hukimbilia mbele. Lakini juu ya changarawe breki hiyo ikibanwa ghafla gurudumu huteleza pembeni, au baiskeli husimama na mwendeshaji akaendelea na safari peke yake. Bana zote mbili pamoja, taratibu, na mapema. Mwendo upunguzwe kabla ya kona. Ndani ya kona breki ziachiwe, maana kokoto nyingi hukusanyika hapo hapo kwenye kona. Inuka kidogo kwenye kiti, pedali ziwe sawa, magoti yalegee, na mwili urudi nyuma. Fuata mistari ya magurudumu ya magari ambapo udongo umeshindiliwa. Macho yatazame unakotaka kupita. Ukilikodolea jiwe macho, utaligonga. Mteremko ukiwa mrefu, usishikilie breki mfululizo, kwani mipira na ringi hupata moto. Bana, achia, bana, achia, na ukipata sehemu tambarare simama upoe. Kama mvua imenyesha au mmevuka maji, bana breki mara kadhaa kukausha ringi kabla mteremko haujaanza. Na kaa kushoto kwako siku zote, hata kama barabara ni tupu. Malori ya kabichi hupiga kona yakichukua barabara nzima.

Tairi zisijazwe upepo zikawa ngumu kama jiwe. Juu ya kokoto tairi ngumu hurukaruka na kukosa kushika. Likibanwa kwa kidole gumba libonyee kidogo tu.

Wazazi, hapa nawasihi tuende polepole, maana nina mambo mawili ya watoto ambayo tunayaona mara kwa mara, na yote mawili huanza kama jambo dogo.

La kwanza ni mguu wa mtoto aliyepakiwa nyuma. Keria haina mahali pa kuwekea miguu. Mtoto wa miaka mitatu, minne au mitano huiacha ining'inie, na baiskeli inaporukaruka kwenye mashimo, mguu huingia katika spoki. Gurudumu haliukati tu. Huuvuta na kuuponda kati ya spoki na fremu. Aghalabu kinachoumia ni kisigino na ile kano nene iliyo nyuma yake. Siku ya kwanza huonekana mchubuko na uvimbe, na mama husema, "Ni ngozi tu." Siku ya tatu au ya nne ngozi ile hugeuka nyeusi, kwa kuwa ilikwisha kufa siku ile ile ya ajali, na kidonda hubaki wazi kwa majuma mengi. Wakati mwingine na mfupa umevunjika ndani. Mtoto kama huyo aletwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama anatembea. Na kama hamna budi kumpakia mtoto, fundi akate bati au plastiki ngumu, azibe pande zote mbili za gurudumu la nyuma, kisha aweke vyuma viwili vya kukanyagia. Mtoto avae viatu, wala si malapa. Lakini katika mteremko wa changarawe mtoto mdogo ashushwe na atembee. Hapo sina maneno mengine.

La pili ni usukani. Nitawasimulia kisa kimoja. Mvulana wa kama miaka kumi aliazima baiskeli ya mjomba wake bila kuomba, akateremka kilima kidogo karibu na kwao. Gurudumu la mbele likapinda, akaanguka, na ncha ya usukani, ambayo haikuwa na mpira, ikamchoma chini ya mbavu za kushoto. Hakutoka damu. Aliinuka, akairudisha baiskeli mahali pake, akanyamaza. Usiku hakula, akasema ana malaria. Alfajiri mama yake alimkuta amepauka, anahema upesi, tumbo limekuwa gumu, na analalamika maumivu juu ya bega la kushoto. Tulipomvua shati tuliona alama ya duara, ndogo kama sarafu, basi. Ndani bandama lilikuwa limepasuka. Alipasuliwa, akaongezewa damu, na Mungu akasaidia, akapona. Baba yake aliniambia kwamba kijana angesema tangu jioni kama asingeogopa fimbo.

Jambo hili lafaa kueleweka vizuri. Usukani unapompiga mtoto tumboni, nguvu yote huingia mahali padogo, na nje hapaonekani kitu. Bandama, ini, kongosho au utumbo vyaweza kuumia, na dalili zikachelewa saa nyingi, hata siku mbili. Kwa wale ambao malaria ya mara kwa mara imelivimbisha bandama, hupasuka kwa pigo dogo zaidi. Basi, mtoto aliyepigwa na usukani tumboni achunguzwe na daktari, na akianza kutapika, kupauka, kuzimia, kuumwa bega au tumbo kujaa, ni dharura. Asipewe chakula wala kinywaji njiani, kwa kuwa huenda akapasuliwa. Mipira ya ncha za usukani isikosekane hata siku moja. Na watoto wajue kwamba wakianguka hawatachapwa kwa kusema.

Kichwa. Kofia ngumu ya baiskeli ni nyepesi na ina matundu ya hewa. Ile ya pikipiki ni nzito na humchemsha mtu anapopanda, ndiyo maana huivua. Kofia ikae sawa juu ya paji la uso, vidole viwili juu ya nyusi, na ukanda ufungwe chini ya kidevu. Kofia ya mitumba ikaguliwe ndani: kama sponji lake ngumu lina ufa, imekwisha kazi yake. Mtu aliyegonga kichwa akapoteza fahamu hata kwa dakika moja apelekwe hospitali. Ambaye hakuzimia asiachwe peke yake kwa saa 24. Usiku aamshwe kila baada ya saa chache, aulizwe jina lake na mahali alipo. Akitapika zaidi ya mara moja, akisinzia isivyo kawaida, akisema maneno yasiyoeleweka, akipata degedege, mboni ya jicho moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, au maji na damu vikitoka puani au sikioni, apelekwe hospitali bila kungoja mapambazuko. Kuna anayeamka vizuri, akaongea na kutania wenzake, kisha saa chache baadaye akazama katika usingizi, kwa sababu damu inavuja taratibu ndani ya fuvu. Pombe asiguse. Kwa maumivu apewe parasetamoli, si aspirini, ambayo huzidisha kuvuja damu.

Ambaye ameanguka vibaya na analalamika shingo au mgongo, au hasikii miguu yake, asiinuliwe kwa mikono na miguu, wala asibanwe katikati ya watu wawili juu ya bodaboda. Najua ndivyo tufanyavyo, kwa nia njema. Alazwe alipo ikiwa pana usalama, kichwa kishikwe kisigeuke, itafutwe gari, na ahamishwe juu ya mlango au ubao mwili ukiwa umenyooka. Anayetapika ageuzwe ubavu, watu watatu wakimgeuza kwa pamoja kama gogo.

Aliyeangukia mkono huvunjika mtulinga au kifundo. Khanga moja yatosha kumfungia mkono kifuani. Pete zivuliwe mapema, kabla vidole havijavimba.

Michubuko ya changarawe ndiyo ya kawaida kuliko yote, nayo huharibiwa sana nyumbani. Nimekuta vidonda vimewekwa mafuta ya taa, unga wa betri, dawa ya meno, majivu, hata kinyesi cha ng'ombe. Kidonda kinataka maji mengi safi yanayotiririka, na sabuni. Mimina, mimina tena, na uondoe kila punje ya kokoto, hata kama mgonjwa analia; punje inayobaki huoza, au huacha doa jeusi chini ya ngozi maisha yote. Kisha funika kwa kitambaa safi.

Halafu ulizeni habari za pepopunda. Vijidudu vyake hukaa katika udongo na mavi ya wanyama, yaani katika barabara hizo hizo. Watoto wetu hupata chanjo wakiwa na majuma 6, 10 na 14, na akina mama huchomwa wakati wa ujauzito. Wanaosahaulika ni wanaume. Kijana wa miaka 25 huenda hajachomwa sindano hiyo tangu anyonye. Mwenye kidonda kichafu, ikiwa imepita miaka mitano tangu sindano ya mwisho, achomwe nyingine. Ambaye hajapata chanjo kamili, au hakumbuki, aje upesi, kwani huhitaji na ile sindano ya kinga ya haraka. Taya zikianza kukaza, mara nyingi kati ya siku 3 na 21, tumekwisha kuchelewa sana.

Maji ya kunywa mbebe ya kutosha tangu mwanzo. Vijito vya Usambara ni vya kupendeza, lakini juu yake kuna mashamba ya mboga yanayonyunyiziwa dawa. Kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi dawa za mimea.

Katika mfuko mmoja wa kundi wekeni sabuni, bandeji mbili, vitambaa safi, khanga, parasetamoli, pakiti za chumvi-sukari, mkasi, tochi, vipande vya kuzibia tyubu pamoja na pampu, na karatasi yenye namba za simu za kituo cha afya kilicho karibu na za mtu mwenye gari. Karatasi, nasema, kwa kuwa simu huzimika.

Vijana wetu watatu walirudi baada ya siku nne. Wawili hawakuwa na kumbukumbu yoyote ya chanjo, tukawachoma. Mipira ya breki ilibadilishwa kwenye baiskeli mbili. Ya tatu waya wake wa nyuma ulikuwa umebaki nyuzi mbili, na fundi hakuwa na waya wa kipimo hicho mpaka aagize mjini. Wenzake waliondoka Alhamisi, wakalala njiani, wakafika Mtae Ijumaa mchana. Yeye alibaki. Amesema atakwenda Septemba, na dawa ya kuchua niliyompa ameiweka.